Chumba Namba Ishirini

Mliniacha nimesimama kwenye ngazi za kiwanda cha uchapaji, begi la vifaa begani, simu sikioni, na dada yangu analia kutoka nchi ya mbali.

Kwa unayenikuta leo kwa mara ya kwanza hapa gazetini, sogea nikueleze, si hadithi ndefu.

Mimi ni fundi wa intaneti za majumbani. Kazi hii sikusomea darasani, nilijifunza kwa kuharibu. Kila ninachoseti nakiandika kwenye daftari, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mtaani wameniita Bwana Hatua. Mama yetu alipopooza upande mmoja, nilimfungia kamera chumbani. Kisha nikafungua mlango kwenye ruta ya nyumbani, kile kifaa kinachogawa intaneti, ili dada, ambaye ni mpishi wa hospitali huko aliko, awe anamwona mama kila siku saa saba mchana, wakati wa mapumziko yake.

Siku mama alipofariki nilimwambia dada mambo mawili. La kwanza, intaneti ilikatika. La pili, nilikuwa nimemshika mama mkono mpaka mwisho, na neno lake la mwisho lilikuwa jina la dada.

Yote mawili nilitunga.

Miezi mitatu ilipita. Dada aliishi kwa lile neno kama mtu anayeishi kwa dawa. Kila alipopiga simu alinirudisha palepale: "Hebu niambie tena alivyonitaja." Nami namwambia. Uongo ukishauzoea, unautamka bila hata kumeza mate.

Mpaka siku ile, pale kwenye ngazi.

"Nimemwona mama," dada alisema.

"Umemwota."

"Mtu anaota saa saba mchana, amesimama, na mwiko mkononi? Nimefungua ule ukurasa. Amekaa kwenye kiti chake, amenipa mgongo, na ile shali yake ya kijani mabegani."

"Dada. Bado unaufungua ule ukurasa?"

"Kila siku. Unakuja mweupe, hauna kitu. Nautazama mpaka mapumziko yaishe. Usinicheke."

Sikucheka. Nilikaa kwenye ngazi.

"Leo haukuwa mweupe," alisema. "Mdogo wangu, nikuulize kitu. Siku ile ulimshika mkono upi?"

"Mkono?"

"Wa kulia au wa kushoto?"

"Wa kulia," nilijibu haraka.

Nikasikia sufuria zikigongana nyuma yake, na mtu akimwita.

"Haya," alisema. "Nenda nyumbani. Nenda uangalie nani amekaa kwenye kiti cha mama." Akakata.

Nilikuwa nimefika njia panda ndipo nikakumbuka kitanda cha mama kilivyokaa. Kilibanwa ukutani, upande wa kulia. Ili kuushika mkono wa kulia ungelazimika kuinama juu ya mgonjwa kama mtu anayechungulia kisima.

*

Nyumba ilikuwa kimya. Mke wangu ni fundi cherehani, watu wanamwita Bi Uzi, na kwa kawaida ukifika getini unaisikia mashine yake barazani. Siku hiyo mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa. Nikadhani ametoka kupeleka nguo za watu.

Mlango wa chumba cha mama ulikuwa umefungwa. Sikuugusa. Kwa miezi mitatu sikuwahi kuugusa. Nikipita hapo napita upesi, kwa sababu kuna nyakati nasikia kitanda kikilia, vile kilivyokuwa kikilia mama alipojaribu kugeuka. Mke wangu anasema ni mabati yanatanuka kwa jua. Mimi ni fundi, najua mabati yanatanuka. Lakini mabati hayasubiri nipite.

Nilianza na kilicho rahisi. Hiyo ndiyo kanuni yangu: usimlaumu jini kabla hujakagua waya.

Nilipanda kiti, nikashusha boksi juu ya kabati. Kamera ilikuwamo, imezungushiwa waya wake wenyewe, ina vumbi. Haikuwa na umeme wala uhai.

Basi dada alikuwa anatazama nini?

Nikafungua kompyuta sebuleni, kando ya ruta, nikalitoa daftari kwenye begi. Lilifunguka lenyewe kwenye ukurasa wa kuelekeza mlango. Katikati ya ukurasa kulikuwa na kipande cha uzi.

Uzi wa kijani.

Mimi siweki alama kwenye daftari. Sina haja, kurasa zote nazijua kwa namba.

Nilikaa nao kiganjani kwa muda. Kisha nikasoma maandishi yangu mwenyewe, kama mtu anayesoma barua ya mgeni.

Niwaeleze lile jambo kwa lugha ya kawaida, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Ruta ni kama mlinzi wa jengo lenye vyumba vingi, kila kifaa na chumba chake. Watu wa ndani wanatoka wanavyotaka. Mtu wa nje akija, mlinzi anamrudisha, hamjui. Ukitaka mgeni wako aingie, unampa mlinzi karatasi: mtu akija akitaja mlango 8080, mpeleke chumba namba ishirini. Ndiyo kazi niliyoifanya. Chumba namba ishirini kilikuwa cha kamera. Unaweka alama ya vema kwenye kisanduku, unahifadhi, kwisha. Ukitaka kumzuia mgeni, unaiondoa ile alama.

Kuna kitu kimoja tu ambacho watu hawakijui. Mlinzi haendi kuchungulia. Hajui namba ishirini leo amelala nani. Anasoma karatasi tu.

Niliingia kwenye ruta. Karatasi ya mlinzi ilikuwa vilevile, alama ipo. Na kwenye orodha ya vifaa vilivyo hewani, namba ishirini ilikuwa na mtu.

Hapo nililazimika kukiri jambo ambalo hata hapa gazetini nimelizungukazunguka wiki zote hizi.

Siku mama alipofariki, asubuhi, dada alinipigia simu. Kwa wiki kadhaa alikuwa akinihesabia: shuka limekunjana, glasi haina maji, mama ameelekezwa ukutani muda mrefu. Alikuwa anapenda kwa macho kwa sababu mikono yake ilikuwa mbali. Hilo naliona leo. Siku ile sikuliona. Asubuhi hiyo alisema, "Unamtunza mama kama mtu anayelinda mzigo wa watu stendi." Mimi si mtu wa kujibu. Nilisema, "Sawa dada."

Saa saba kasorobo, kabla hajafungua ukurasa wake, nikaingia kwenye ruta na kuiondoa ile alama. Nilitaka saa moja tu ya kutoonekana. Nikamwekea mama maji, nikazima mlio wa simu, nikaenda kwenye kazi. Mke wangu alikuwa ametoka na nguo za mteja, arudi saa tisa.

Nilirudi saa kumi. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani kwa mama. Alisema, "Mama ametutoka," basi. Kwenye simu yangu kulikuwa na wito wake mara tatu. Sikumuuliza alimkutaje. Niliogopa jibu. Nilimpigia dada nikiwa palepale, nikatunga yale niliyotunga, na mke wangu alinisikiliza mwanzo hadi mwisho bila kutia neno.

Kamera ile ilikuwa na taa ndogo. Mtu wa mbali akifungua ukurasa, taa inageuka buluu. Mama aliielewa kabla hata sijamweleza. Ikiwaka, ulimi wake mzito unajikongoja: "Umekuja? Umekula?" Kwa miezi mitatu nilichokiona nikifumba macho ni kile kitaa kisichowaka, na mama peke yake akikitazama.

Na jambo la mwisho. Jioni ile, watu walipopungua, niliingia kwenye ruta kuirudisha alama, ili dada akijaribu tena aone intaneti "imerudi."

Nilikuta alama imesharudi.

Sikumwambia mtu. Ungemwambia nani? Nilisema moyoni, umechanganyikiwa, uliirudisha ukasahau. Lakini mimi sisahau. Mimi naandika.

*

Daftari lilinionyesha mengine. Juu ya ukurasa ule, kwa mwandiko wangu: "Jaribio la kwanza, kabla ya kununua kamera: simu ya zamani ya mke wangu. Nimeiwekea programu ya kamera. Mlango 8080. Nimeipa namba ishirini ya kudumu."

Ya kudumu. Niliipa simu ile chumba, kisha nikaizima na kuitupa kwenye droo, nikampa kamera chumba kilekile bila kumhamisha mpangaji wa kwanza. Mtu yeyote akiiwasha simu ile na kuifungua programu, mlinzi angempeleka mgeni palepale.

Kwa hiyo si jini. Nilipumua.

Kisha nikaandika ile namba kwenye kompyuta, nione dada alichokiona.

Picha ilikuja polepole, kutoka juu kwenda chini, bila sauti. Dirisha la mama. Pazia la mama. Kiti cha mama. Na kwenye kiti, amenipa mgongo, mtu mwenye shali ya kijani, kichwa kimeinama upande wa kushoto kama mama alivyokuwa akikiinamisha.

Hatua kumi tu kutoka nilipokaa. Nyuma ya mlango uliofungwa.

Nilisema, na mpaka leo naona aibu, nilisema, "Mama?"

Yule mtu akainua kichwa. Akageuka taratibu, akatazama kamera moja kwa moja.

Alikuwa mke wangu. Mdomoni ameuma uzi.

Akaniashiria kwa kidole: njoo.

Wakati huohuo simu yangu ikalia. Dada.

"Umemwona?"

"Ni wifi yako, dada. Si mama. Ni Bi Uzi, ameivaa shali ya mama."

"Najua. Amegeuka nikamwona. Moyo wangu umeshuka sasa hivi tu."

"Basi yameisha. Ngoja niizime hiyo simu."

"Usizime," alisema.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kile kisanduku. Alama moja. Ningeiondoa, dada angebaki na ukurasa wake mweupe, nami ningemwambia intaneti imekatika. Nilikwisha kufanya hivyo mara moja na dunia haikuanguka, aliyeanguka ni mimi.

Nikaifunga kompyuta bila kugusa alama. Nikachukua daftari, sijui kwa nini, mazoea, nikaufungua mlango wa chumba cha mama.

*

Chumba kilinukia sabuni. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Simu ya zamani imesimamishwa kwenye rafu, imeegemezwa kopo la vifungo. Mke wangu alikuwa anashona upindo wa shali kwa mkono, bado ikiwa mabegani mwake.

"Umechelewa," alisema. "Nakaa hapa tangu saa sita. Shingo inauma."

"Nani amekufundisha kuiwasha hiyo programu? Wewe hata redio unaniita nikuwashie."

"Redio hujaiandikia daftari. Jana usiku umelala, nikanakili hatua zako." Alikata uzi kwa meno. "Ulichoandika mtu hashindwi. 'Hatua ya nne: bonyeza hapa, usiogope.' Umeandika hivyo, usiogope. Nilicheka peke yangu."

"Mke wangu, umemtisha dada. Alidhani ni mama."

"Hilo sikulikusudia. Hapa kuna baridi." Aliinuka, akanielekeza kiti. "Kaa."

"Nikae nifanye nini?"

"Wifi anatazama. Kaa aone uso wako."

Nilibaki nimesimama. Simu ilikuwa bado mkononi, dada yu hewani. Mke wangu aliichukua kwa upole, akaifungua sauti, akaiweka kitandani, mahali palepale pa mto.

"Wifi, unamwona?"

"Namwona tumbo," dada alisema. "Mwambie akae."

Nikakaa kwenye kiti cha mama. Kililia. Mlio ule niliokuwa nikiusikia mlangoni haukuwa wa kitanda, ulikuwa wa kiti hiki. Na nikaelewa kwamba kwa miezi mitatu mtu alikuwa akija kukaa humu.

Ndani ya ile simu ya zamani kulikuwa na jicho dogo jeusi. Nilijua nyuma yake kuna nani. Sijawahi kutazamwa vile.

"Dada," nilisema. "Intaneti haikukatika."

Nililikaza daftari mikononi.

"Niliifunga mwenyewe. Kwa mkono wangu. Ulikuwa umenikasirisha nikataka usituone. Nikatoka. Mama alikufa peke yake, dada, na taa haikuwaka. Sikumshika mkono. Na lile neno ni la kwangu, nilikutungia, kwa sababu nilikunyang'anya saa yako ya mwisho sikuwa na kingine cha kukupa."

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa anachoma sindano kwenye shali bila uzi, inaingia, inatoka, haishoni kitu.

"Siku ile nilijaribu mara kumi na saba," dada alisema hatimaye. "Nafungua, mweupe. Nafungua, mweupe. Mkuu wa jikoni akaniambia rudi kazini. Nikasema, moja tu. Ya kumi na nane ikafunguka."

"Haiwezekani. Mimi ni..."

"Ikafunguka, Bwana Hatua. Saa saba na nusu."

Nikageuka kwa mke wangu. Aliinua mabega.

"Mteja hakuwepo, nikarudi mapema," alisema. "Nikamkuta mama anakitazama kile kitaa. Anapumua vibaya. Ananiuliza kwa macho. Nikakupigia, hupokei. Nikakupigia, hupokei. Mara ya tatu nikasema huyu ndiyo basi. Ulikuwa umesahau daftari mezani. Nikatoa uzi kwenye shali ya mama nikaweka alama kwenye ukurasa, maana kurasa zilikuwa zinajifunga. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya sita inasema weka alama ya vema. Nikaweka. Hesabu hadi kumi taa ikawaka buluu."

"Mama akaniona," dada alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka, haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Hakuniona mimi, aliona taa, lakini alijua. Na wifi akamshika mkono. Wa kushoto. Mdogo wangu, nilikuwepo. Nilikuwepo mpaka mwisho."

Nikaiinamia simu pale kitandani.

"Ulijua," nilisema. "Miezi mitatu ulikuwa unajua. Kila siku unaniambia nikusimulie alivyokutaja..."

"Nilikuwa nakufungulia njia. Kila siku nasema, leo atapita. Hupiti. Wifi akaniomba tukungoje. Akasema huyu ukimsukuma anavunjika, ukimngoja anafika. Leo nimechoka kungoja ndiyo nikakuuliza mkono."

"Na mimi nimechoka," mke wangu alisema, "kukaa kwenye hicho kiti kwa niaba yako."

Niliinamisha uso. Nje mtu alipita akipiga mluzi. Taa ya buluu haikuwepo kwenye ile simu ya zamani, haina taa, lakini niliihisi usoni.

"Hasira ninazo," dada alisema. "Usidhani sina. Tutazungumza nikija. Ila kuna jambo moja lazima lirekebishwe leo. Mama hakunitaja mimi."

"Ndiyo, nimekwambia, nilitunga..."

"Hunisikii. Sisemi hakusema kitu. Alisema. Midomo niliiona, kamera yako haikuwa na sauti. Alisema kitu kirefu, na hakikuwa changu, kwa sababu wakati anakisema aliiacha taa akatazama mlangoni."

Mlangoni. Niligeuka nikautazama, kana kwamba kuna mtu angeingia.

"Alisema nini?" nilimuuliza mke wangu.

"Nikiwa nakungoja uniulize hivyo," alisema, "nimeshona magauni arobaini na moja." Aliivua shali, akaniwekea magotini. "Aliniambia nikupe siku ukiuliza. Tena akasema usipouliza nisikulazimishe. Nikaogopa nitalisahau, au nitaliongezea chumvi kama wewe. Nikaliandika saa ileile, yeye bado anapumua."

"Wapi?"

Alitazama mikono yangu.

Daftari. Nimelibeba kwenda kila nyumba, kila ofisi, miezi mitatu nzima. Limekaa kwenye begi pamoja na chakula changu. Lakini mimi naandika kwa mpangilio, ukurasa baada ya ukurasa, na nilikuwa sijafika mwisho. Mtu wa mpangilio hafungui nyuma kabla ya kufika.

Nilifungua nyuma.

Ulikuwa mwandiko wake, kwa ile chaki ya buluu ya kuchorea vitambaa, umefifia, mistari inapanda kwa sababu aliandika kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na kazi.

Juu kabisa lilikuwa jina langu. Si hili la mtaani. Lile ambalo mama peke yake alikuwa akiniita, na ambalo nilikuwa nimeamini hakuna tena mdomo duniani wa kulitamka.

"Soma kwa sauti," dada alisema kutoka kwenye mto wa mama. "Safari hii nataka nisikie."

Nikafuta macho kwa shali, nikautazama mstari wa pili, nikaanza kusoma.